Derrick Khaemba Wekoye (1984–2009): Fundi wa Redio na Wimbo Uliokatika

Tunaanza na tarehe kwa sababu tarehe ndizo tulizo na hakika nazo. Marehemu Derrick Khaemba Wekoye alizaliwa tarehe 3 Februari 1984 hapa Myanga, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mama Nekesa na marehemu Mzee Wekoye. Alifariki Alhamisi, tarehe 10 Septemba 2009, mjini Kitale, saa nne na dakika kama ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Jeneza liko hapa mbele yetu, na bado kuna watu wa familia hii ambao simu ikilia wanadhani ni yeye anapiga.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya hapa nyumbani kuanzia 1991 hadi 1998. Mwaka huo wa mwisho alitahiriwa mwezi wa Agosti na kufanya mtihani wa darasa la nane mwezi wa Novemba, na yote mawili aliyapita bila kelele. Akaendelea na shule ya upili Bungoma mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Kuna jambo moja la utotoni ambalo ndugu zake wameomba lisiachwe. Akiwa darasa la tano alifungua redio ya baba yake kwa kisu cha jikoni ili aone watu wa habari wanakaa wapi. Mzee Wekoye alimchapa. Kesho yake redio ikalia vizuri kuliko zamani, na mzee akamletea saa ya ukutani, akasema, "Na hii iangalie."

Januari 2003 alikwenda Kitale kukaa na mama yake mdogo, Phelista Nanyama, mtaa wa Matisi. Mama mdogo huyo ndiye anayewasomea haya. Yeye huchukua maharagwe na vitunguu Suam, soko la mpakani, na kuuza Kitale, na nia yake ilikuwa kumfanya Derrick mfanyabiashara. Haikuwezekana. Mteja akiuliza kama vitunguu ni vya wiki hii, Derrick anamwambia ni vya wiki iliyopita. Baada ya miezi miwili akapelekwa kwa Mzee Waithaka, fundi wa redio, na huko ukweli wake ukapata kazi. Alijifunza kwa miaka miwili. Mwaka 2005 akafungua kibanda chake mwenyewe Matisi, na baadaye akagawana meza na rafiki yake Kipruto, fundi wa simu.

Gitaa alipatiwa na huyo huyo mama yake mdogo. Lilikuwa limeegemezwa kwenye magunia pale Suam, limekosa uzi mmoja, na mwenyewe alikuwa na haraka ya kurudi upande wa Uganda. Mtu mwenye haraka huuza vizuri. Derrick alitia waya mmoja wa breki ya baiskeli mahali pa uzi uliokosekana. Ulimkata kidole, naye hakuutoa mpaka nyuzi za kweli zilipopatikana Eldoret.

Sasa tuseme habari ya wimbo, kwa sababu wengi wenu mmeuliza, na wengine mmesema msiyoyajua.

Mwaka 2005, mwezi wa kwanza wa kibanda chake, mteja aitwaye Chesang aliacha redio kaseti itengenezwe. Hakurudi. Kawaida ya mafundi ni kwamba kifaa kikipita miezi mitatu bila mwenyewe, kinauzwa. Mama mdogo alimwambia akiuze. Derrick akasema, "Mama, redio unaweza uza. Hii kanda iko ndani, hapana." Kanda yenyewe haikuwa na jina wala kasha. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa roki, gitaa na sauti ya mwanamume anayeimba Kiingereza kama mtu aliyeamka na mafua. Ulikuwa wimbo wa huzuni. Na karibu na mwisho, katikati ya mstari, ulikatika. Pap. Hakuna kitu. Derrick aliifungua kanda, akaikagua kwa lenzi, akaisafisha, akaiunga mahali palipokunjika. Ikakatika pale pale.

Aliusoma wimbo huo kwa masikio tu. Alisikiza kipande, akazima, akarudisha kanda kwa kalamu ya Bic ili asimalize betri, akatafuta vidole. Kipande kimoja kilimchukua siku nne. Na kwa kuwa betri zilikuwa zimechoka, wimbo ulikuwa ukienda polepole na sauti iko chini, naye akalegeza nyuzi zake kufuata betri. Kibanda kilipowekewa stima akaucheza tena, akashtuka: wimbo wa kweli ulikuwa mwepesi, unakimbia. Kipruto akamwambia, "Si basi urekebishe." Derrick akasema hapana, huyu mtu hana sababu ya kukimbia. Akaubakisha wa betri zilizochoka, na tangu hapo hakuucheza kwa namna nyingine.

Mwaka 2006, tarehe 9 Desemba, marehemu alifunga ndoa na Nyaruai, binti wa Mzee Ngari wa Matisi. Siku ya mazungumzo ya mahari, Mzee Ngari alitaka kujua kijana anafanya kazi gani. Akaambiwa anatengeneza redio.

"Na hiyo gitaa tunasikia kila jioni?"

"Hiyo haili chakula chako, mzee," mama mdogo akamjibu. "Iko kwa hesabu yetu."

Mzee alicheka, na mambo yakaenda upesi kuliko tulivyotarajia. Walijaliwa mtoto mmoja, Lorraine Nekesa, aliyezaliwa Novemba 2007.

Januari 2008 mambo ya nchi yalipoharibika baada ya uchaguzi, na watu wakawa wanawindwa kwa makabila yao, Derrick aliwaleta mke na mtoto hapa Myanga. Alibeba mtoto, gitaa na ile redio ya watu, ya Chesang. Mama Nekesa alimpa Nyaruai chumba, na mtu aliyekuja kuuliza getini ni nani huyo aliambiwa ni mtoto wa hapa. Walikaa wiki saba. Siku moja wakipukuchua mahindi, Mama Nekesa alimuuliza mwanawe huyo mzungu wa kwenye kanda analia nini. Derrick akamweleza. Ni mtu aliyeacha mlango wazi, anangoja aliyetoka, na kadiri anavyongoja anaanza kusahau ni nani alitoka na ni nani alibaki.

"Na huyo mtu alirudi?" Mama Nekesa akauliza.

"Kanda imekatika hapo, mama."

"Basi wewe mrudishe."

Derrick akamrudisha. Alitunga mwisho wake mwenyewe, ambapo nyuzi zinashuka moja moja mpaka kwenye sauti ya kwanza kabisa, kama mtu anayefungua geti polepole ili mbwa wasibweke. Wengi wenu mmeusikia kwenye harusi na kwenye harambee ya kanisa. Mlipoucheza dansi mkidhani ni wimbo wa furaha, hakuwakataza.

Tarehe 22 Agosti mwaka huu, Chesang akarudi. Alikuwa Juba akiendesha lori. Alikuta redio yake imefutwa vumbi na inafanya kazi, hata hakuamini. Derrick akamwomba radhi kuhusu kanda iliyokatika, akamchezea wimbo wote kwa gitaa, pamoja na mwisho aliotunga mwenyewe. Kipruto alikuwepo. Anasema Chesang alisikiza hadi mwisho akasema, "Umecheza vizuri, bana. Lakini hiyo kanda haijakatika. Huo wimbo unaisha hivyo. Ndivyo waliutengeneza."

Fundi mzima, miaka minne, alikuwa akitengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Derrick akacheka mpaka akakalia ndoo.

Chesang alichukua redio na kumwachia kanda. Kuanzia siku hiyo marehemu alianza kuusoma wimbo upya, yaani kuusoma mwisho. Nyaruai anasema hapo ndipo alipopata shida kuliko popote. Vidole vilikuwa vimezoea kurudi nyumbani. Alikuwa akifika pale pa kukatika, mkono unaendelea wenyewe, anajilaumu, anaanza tena. Alisema kunyamaza kabla ya watu kuwa tayari ni kazi ngumu kuliko kupiga. Jumatano jioni, tarehe 9, akaweza. Mara mbili mfululizo. Akapanga aje hapa Myanga Jumapili, tarehe 13.

Kuhusu ugonjwa hakuna aya ya kuandika. Hakuugua. Alhamisi asubuhi alikunywa chai, akafungua kibanda, akamwambia Kipruto kichwa kinamgonga. Akainama kuchukua bisibisi iliyoanguka, na hakuinuka. Alifikishwa hospitalini baada ya dakika kumi na tano akiwa ameshatuacha. Daktari alisema mshipa ulipasuka ndani ya kichwa na kwamba hakuna ambaye angejua. Tunayasema haya waziwazi ili yasitafutwe kwingine. Hakupigwa na stima. Redio iliyokuwa mezani ilikuwa ya betri. Hakulogwa. Na wale wanaonong'ona ati muziki wa roki ni wa shetani ndio umemmaliza, wajue kwamba marehemu alishiriki meza ya Bwana Jumapili iliyotangulia, na wimbo haujawahi kupasua mshipa wa mtu.

Limebaki jambo moja, nalo lilikaribia kuivunja nyumba hii Jumatano iliyopita. Wote tulikubaliana kwamba wimbo wake upigwe hapa leo, na kwamba Kipruto, aliyefundishwa na marehemu mwenyewe, ndiye aupige. Hatukukubaliana mwisho gani. Mama Nekesa alitaka ule wa kurudi. Nyaruai alitaka ule wa kukatika. Mama mdogo aliitwa kuwapatanisha, kwa sababu mahari alipatana yeye.

"Mimi sijui hiyo ingine," Mama Nekesa akasema. "Mtoto wangu alinichezea anarudi."

"Mama, lakini ile ndio alikuwa anajifunza," Nyaruai akasema. "Alikuwa anakosea, anarudia. Jumapili alikuwa anakuja kukuambia."

"Kuniambia nini?"

"Ati huyo mtu hakurudi. Alikuwa anaogopa kukuambia. Alisema akuambie kwanza ndio aucheze, usishtuke."

Mama Nekesa aliendelea kuchagua mchele. Alimaliza sinia lote.

"Alikuwa anaogopa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ipigwe hiyo aliyokuwa anajifunza. Lakini yangu isitupwe."

Haikutupwa. Leo utapigwa ule unaokatika, mbele ya watu wote, kabla ya udongo. Ule wa kurudi utapigwa Jumanne, siku ya kunyoa nywele za matanga, ndani ya nyumba ya Mama Nekesa, tukiwa sisi wenyewe. Kila upande umepata na kila upande umeachilia. Kwa miaka mingi sokoni mama mdogo hajawahi kufunga mapatano magumu kama hayo, na hakuna aliyetoka pale akijiona ameshinda.

Marehemu ameacha mkewe Nyaruai, binti yake Lorraine Nekesa, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi kumi, mama yake mzazi, Mama Nekesa, ndugu wanne, mama yake mdogo Phelista, wakwe zake, Mzee Ngari na jamaa yote ya Matisi, mwalimu wake, Mzee Waithaka, na Kipruto wa meza moja. Ameacha pia redio kumi na moja za wateja. Tisa ziko tayari, zimeandikwa majina. Wenyewe waje wachukue.

Sasa tunaomba utulivu. Kipruto ataketi kwenye kiti kile karibu na jeneza. Wimbo utakwenda polepole, ni wa betri zilizochoka. Ukikatika, ndugu anayesimamia spika tafadhali usiguse nyaya, na wa jenereta usiinuke. Hakuna kilichoharibika. Mtu yeyote asipige makofi wala asianzishe pambio la kuziba. Tutakaa hivyo kidogo, kisha mchungaji ataendelea.

Khaemba, umetukatikia katikati ya mstari. Lala salama, mwana wetu, Mungu akupe amani.