Nilisinzia Mbele ya Wakwe

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi alasiri hii. Niliomba mwenyewe iwe alasiri. Kama mngeniweka kwenye ibada ya kwanza, angesimama hapa mtu mwingine mwenye sura yangu, na habari za huyo ndizo nimekuja kuwasimulia.

Mnanijua. Nalima pamba na mahindi hapa Sapiwi, nina miaka hamsini na mmoja. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea kwenye kila karatasi iliyopita mkononi mwangu. Sitamtaja mtu kwa jina. Atakayejitambua anisamehe.

Tangu utotoni sikuweza kuamka na jogoo. Baba alikuwa akiwafunga maksai nira saa kumi na moja alfajiri, na mimi alinitoa kitandani kwa maji ya mtungi. Nilisimama, nikatembea, nikashika plau. Lakini akili haikufika mpaka saa nne. Asubuhi moja nililima mistari sita ndani ya shamba la jirani, na sikushtuka mpaka maksai waliposimama wenyewe. Baba akaniita ngokolo. Wasukuma wenzangu mnajua uzito wa neno hilo: mvivu ambaye hata mke usimpe. Alifariki akiamini amezaa ngokolo. Hilo sijalirekebisha, na sitaweza.

Nilipooa, majirani wakapokea kijiti. Nikichelewa nikatoka nje saa mbili asubuhi, wananisalimia kwa salamu ya mchana. "Mwadila, ngosha, mwanamume wewe! Huko ulikolala jua limeshapinda?" Watoto wangu wanasikia. Mke wangu anasikia, anainama anaendelea kufagia.

Basi nikajilazimisha. Miaka kumi na tisa, saa kumi na moja niko shambani. Nilidhani mtu akishasimama ameshaamka.

Mwaka juzi, pamba ikianza kuweka vitumba, nilichanganya dawa alfajiri kabla upepo haujaanza. Nyumbani kulikuwa na chupa mbili: ya wadudu wa pamba, na ya magugu ya kwenye mahindi. Nawaambia, lebo niliisoma. Nilisimama nikaisoma yote. Mke wangu akanusa, akauliza, "Baba watoto, mbona leo inanuka tofauti?" Nikamjibu, "Wamebadilisha." Nikapulizia heka tatu, bomba baada ya bomba.

Baada ya siku chache majani yalijikunja, yakawa membamba kama vidole vya mkono. Pamba ile ilisimama, haikuzaa. Mke wangu aliokota chupa tupu pembeni mwa shamba, akaisoma kwa sauti: dawa ya magugu. Akakaa chini kwenye tuta.

"Uliisoma hii?"

"Niliisoma."

"Ukiwa wapi?"

Wiki hiyo hiyo alichukua watoto akaenda kwao Zagayu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimechoka kuishi na mtu ambaye yupo na hayupo."

Wakwe waliniita kujieleza. Kikao saa moja asubuhi, maana mambo ya ukoo kwao huongelewa jua likiwa changa. Nilikuwa nimekesha kwa mawazo. Baba mkwe akaniuliza, "Mwanangu amekukosea nini mpaka umemfikisha hapa?" Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga siku tatu. Nikafungua mdomo, yakatoka mawili matatu, yasiyoshikana. Shemeji akaanza kuzungumza. Kitu kingine nilichosikia ni sauti yake juu yangu: "Ndoa yake inakufa, yeye anakoroma."

Ndugu zangu, nilisinzia mbele ya wakwe. Mke wangu alikuwa amekaa pale. Aliinuka akaingia ndani.

Miezi iliyofuata sipendi kuikumbuka. Nilikwenda kwa mganga, akanifunga kitu mkononi. Nilikuja hapa hapa, mkaniwekea mikono mkakemea pepo la usingizi, nami nikasinzia mkikemea. Mnacheka, siku ile hakuna aliyecheka. Nyumba ilikuwa kimya. Nilifika mahali pa kuomba nilale nisiamke. Si kwamba nilitaka kufa. Nilikuwa sioni tena anayeamka ni wa kazi gani.

Nilipoanza kukonda nikaenda zahanati. Muuguzi alinipima malaria, sukari, damu. Hakuona kitu. Akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mzee, kichwa chako kinakuwa chepesi saa ngapi?" Nikasema jioni. Akaniambia kila mwili una saa yake ndani. Wengine akili zao zinachangamka mapema, wengine zinachelewa, na wengi wetu tuko katikati. Mtu anazaliwa na mwelekeo wake, na umri unausogeza kidogo. Sikumwamini. Nilimwambia huo ni uvivu uliovaa koti jeupe. Akasema, "Basi usiniamini. Jipime."

Hilo nililiweza. Nilichukua kitabu cha hesabu cha shule chenye majibu nyuma. Kila siku nilifanya hesabu ishirini mara nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, na saa kumi na moja jioni. Siku kumi na nne. Alfajiri sikuwahi kupatia zaidi ya hesabu kumi na moja. Saa nane, baada ya ugali, nilipungua, na muuguzi akasema hapo karibu kila mtu hupungua. Jioni sikuwahi kushuka chini ya kumi na nane. Siku ya kumi na nne nilifunga daftari nikalia. Mtu yule yule, hesabu za aina ile ile. Ngokolo angekuwa ngokolo saa zote.

Nikaomba kikao cha pili, kiwe saa kumi jioni. Baba mkwe akakataa: "Sasa anatupangia na jua!" Aliyemgeuza ni mama mkwe. Alimwambia, "Na wewe nani anathubutu kukuuliza jambo ukishakula mchana?"

Nikaenda. Safari hii nilizungumza mwanzo mpaka mwisho. Sikumlaumu mtu, wala sikulaumu mwili wangu. Nilisema chupa niliichukua mimi, na sikumsikiliza mke wangu aliponusa. Nikaweka daftari mkekani. Baba mkwe akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa. "Ndiyo maana siku ya kuleta ng'ombe wa mahari, asubuhi ile, nilidhani tumeletewa bubu." Mke wangu alichukua daftari. Akaangalia muda mrefu safu ya mwisho, ile ya jioni. Akasema polepole, "Huyu ndiye aliyekuja kunichumbia. Alikuja jioni."

Hakurudi siku ile. Alirudi baada ya mwezi mmoja na nusu, na kwa masharti: dawa anapima yeye, na lebo inasomwa na watu wawili. Tunapulizia jioni upepo ukitulia. Kazi za alfajiri ni zake. Palizi na kurekebisha vyombo ni vyangu, jua likishuka. Nami nimejisogeza kidogo: nalala mapema, nikiamka nakaa juani. Nimepata kama saa moja. Zaidi ya hapo mwili umekataa.

Namshukuru muuguzi yule aliyeuliza swali. Namshukuru mama mkwe. Nawashukuru ninyi mlioniombea, hata kama pepo hamkumkuta. Sisemi kila anayechelewa kuamka asamehewe jembe. Wavivu wapo, na wanajijua. Ninachosema ni hiki: kabla hujampa mwanao jina, mwangalie asubuhi, halafu umwangalie na jioni. Mtoto wangu wa pili yuko kama mimi. Simmwagii maji.

Asubuhi ya kwanza baada ya mke wangu kurudi, aliniacha nilale. Nilitoka nje saa mbili, nikiogopa uso wake. Alikuwa anafagia. Akainua kichwa, akasema taratibu, "Mwadila, baba watoto."

Nikaitikia. Miaka yote ile, ilikuwa mara ya kwanza kuiitikia salamu hiyo.