Pindo la Bibi Sung-mei

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Bibi Lo Sung-mei, fundi cherehani wa soko la mji wetu wa Yuli, aliyefariki kwa homa ya mapafu akiwa na miaka themanini na sita.

Bibi Sung-mei alikuwa Mhakka, lakini aliwashonea watu wa makabila yote ya hapa: Wahakka, Wahoklo na Waamis. Wazee waliokwisha kushonesha nguo zao za kuzikiwa mapema, kama ilivyo desturi, walizijaribu kwake kila mwaka, wakitaniana. Na kila mwaka nguo ziliburuza. Bibi akapandisha pindo la huyu, akapandisha la yule. Akajiuliza: nguo hairefuki, basi nani anafupika?

Muuguzi alimweleza kwamba uzeeni mifupa huwa myepesi, rahisi kuvunjika, na mgongo hushuka taratibu. Bibi akawahimiza wateja wakapimwe. Wahoklo wakasema hayo ni ya Wahakka, walaji wa mboga za chumvi. Wahakka wakasema ni ya Wahoklo, wapenda kukaa. Lakini mapindo aliyapandisha ya wote.

Aliyemtia hofu zaidi ni rafiki yake Dongi, Mwamis, kinara wa ngoma za mavuno. Dongi alishavunjika mkono kwa kujikwaa tu. Bibi aliogopa safari ijayo itakuwa nyonga.

"Sisi tunacheza ngoma," Dongi alisema. "Mifupa myepesi ni yenu nyie. Huo utepe wako wa kupimia umelegea."

Bibi hakubishana. Alifungua daftari lenye vipimo vyao vya zamani, akampa utepe. "Basi nipime mimi kwanza."

Dongi akampima. Akarudia.

"Mimi nimepungua sentimita saba," Bibi akasema. "Wewe ni tano tu. Umenishinda, mwenzangu. Haya, vaa viatu twende tukapimwe."

Walikwenda. Wote wawili mifupa ilikutwa myepesi, wakaanza dawa siku moja. Dongi bado anacheza ngoma.

Siku ya kumvika Bibi nguo zake za kuzikiwa, binti yake Yun-chen alikuwa na wasiwasi. Nguo zile zilishonwa miaka ishirini iliyopita. "Nilijua zitamzidi," anasema. Akageuza pindo. Lilikuwa limepandishwa mara tatu, kila mara kwa uzi wa rangi tofauti. Nguo zikafika vifundoni, sawasawa.

Dongi alicheka huku akifuta machozi. "Hata leo hakutaka fundi mwingine."

Yun-chen na ndugu zako, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, wa kabila lolote, vaeni leo suruali ya zamani. Ikiburuza, msiilaumu suruali.