Bi. Rhoda Crompton Avua Aproni ya Nell Tattersall

Baada ya miaka thelathini na mitano ya kuigiza katika tamthilia yetu ya Tanuri la Tattersall, Bi. Rhoda Crompton anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2014. Ana umri wa miaka sabini na mmoja. Hakufukuzwa, haumwi, wala hajagombana na mtu. Ameamua mwenyewe, na anayemfahamu anajua kwamba akishaamua, hata mvua ya Lancashire haimrudishi ndani.

Alizaliwa Nelson, mji wa viwanda vya pamba hukohuko Lancashire, kwa wazazi wafumaji, na alipofika miaka kumi na mitano akaingia kiwandani na yeye. Mitambo ya kule ilinguruma kiasi kwamba ukipiga ukelele kwenye sikio la mwenzako hakusikii. Kwa hiyo wanawake walizungumza kwa midomo bila kutoa sauti: umbea, mapishi, posa, matusi, yote yalipita hewani kimyakimya. Jioni Rhoda alikwenda kuigiza na kikundi cha kanisani. Alipomwambia mama yake kwamba anataka kuifanya kazi hiyo maisha yake yote, mama aliguna.

"Kuigiza? Wewe hata kudanganya hujui."

"Ndiyo maana nataka nikajifunze," akajibu.

Mara ya kwanza kuonekana kwenye televisheni, mwaka 1966, alikuwa mhudumu wa baa mwenye maneno mawili tu: "Nyingine, bwana?" Ndugu zake walijazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, na mjomba aliyeinama kuokota kiberiti akamkosa. Baada ya hapo zikafuata tamthilia za wapelelezi, ambamo aliuawa mara nne. Katika kifo cha tatu, pale Blackpool, alipiga chafya akiwa chini ya shuka. "Maiti ajikaze kidogo, tafadhali," mwongozaji akasema.

Kwetu alikuja mwaka 1979 kwa vipindi vitatu tu. Alikuwa Nell, jirani anayerudisha mkate uliochacha kwa mwokaji Clem Tattersall, mjane asiyependa watu, aliyeigizwa na marehemu Bernard Kershaw. Andiko lilimtaka aweke mkate mezani na kutoka. Rhoda hakutoka. Aliegemea kaunta, akauliza bei ya pai, akaikosoa, na Bernard akamjibu kwa hasira ya kweli huku kamera zikiendelea. Kufika Krismasi, Clem alikuwa amemwoa. "Alikuja kurudisha mkate, akabaki na duka," Bernard alikuwa akisema.

Tangu siku hizo hakuna mtu mitaani aliyemwita Rhoda. Muuza nyama mmoja wa Burnley aligoma kumhudumia kwa sababu Nell alikuwa amemfukuza mke wa mwanawe.

"Mpaka umwombe radhi yule binti, Nell. Umemwonea."

"Haya, nipimie ratili moja ya soseji. Nitamwomba Jumatano."

Mwaka 2001 ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Bernard alikuwa na mchezo wake wa miaka mingi: Rhoda akianza tu kusema maneno mazito, yeye humnong'oneza kichekesho kwa nyuma ili amvunje mbavu mbele ya kamera. Ghafla Rhoda akaacha kucheka. Bernard akadhani amepata majivuno kwa tuzo ya uigizaji aliyokuwa amepewa mwaka uliotangulia. Akanuna. Kisha akaanza kumsema pembeni, maneno makali, wiki baada ya wiki, na Rhoda akawa anamletea chai na biskuti kama kawaida. Mzee wa watu alikuwa kwenye ugomvi mkubwa na mtu asiye na habari kwamba wamegombana.

Siku moja walikuwa wakirekodi Clem akiingiza mikate tanurini. Akiwa amempa Nell mgongo, alitakiwa kumuuliza kama mleta unga ameshafika. Akauliza. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Mwongozaji akasimamisha kamera, na Bernard, bado akiutazama moto, akafoka: "Umekuwa kiziwi, we bibi?"

Alipogeuka, alimkuta Rhoda anatabasamu huku macho yake yanahangaika kuitafuta midomo yake. Bernard akashusha koleo la mikate polepole. Alikuwa ameelewa.

Wakati wa chakula cha mchana alibisha hodi, hakujibiwa, akaingia katika chumba cha Rhoda. Sisi wa Idara ya Mavazi tulikuwemo, tunashona pindo. Alikwenda kusimama mbele yake kabisa.

"Rhoda, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Husikii."

"Nasikia ninachotaka," akasema. Kisha akaketi, na uso wake wote ukalegea. "Miaka miwili. La kushoto limeshakufa. La kulia linalifuata."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani anamwajiri mwigizaji kiziwi, Bernard? Wewe ungemwajiri?"

Bernard alikuna kichwa, akasema, "Miezi mitatu hii nimekutukana."

"Umenitukana? Ulisema nini?"

"Mengi."

"Hebu yarudie taratibu, nione kama yalikuwa mazuri."

Walicheka mpaka ikabidi wapakwe poda upya. Mitambo ileile iliyomla masikio ilikuwa imemfundisha kusoma midomo, na kwa elimu hiyo ya kiwandani alikuwa amewahadaa watu wote wa studio, ila wale waliompa mgongo. Bernard akaapa kutompa mgongo tena. Tangu hapo Clem akawa anaingiza mikate kinyumenyume.

"Bernard, mwokaji gani anafanya hivyo?" mwongozaji akauliza.

"Wa Lancashire," Bernard akajibu, wala hakucheka.

Lakini Bernard alikuwa mmoja, na waigizaji walikuwa wengi. Rhoda akakosea hapa, akachelewa kujibu pale. Minong'ono ikaanza: kumbukumbu imemtoka, wengine wakasema ni pombe. Majira ya vuli waandishi walikuwa wameshamwandalia mwisho: duka lingeshika moto Krismasi, na Nell angefia ndani. Mtayarishaji wetu mkuu, Bi. Philippa Strang, akamwita ili amweleze kwa upole. Bernard akataka kumsindikiza. Rhoda akamkatalia. "Kilichokufa ni masikio," alisema. "Mdomo bado mzima."

Akaingia peke yake mbele ya meza iliyozungukwa na waandishi.

"Rhoda, sote tunaona umechoka," Philippa akaanza. "Unasahau."

"Sisahau. Chagueni kipindi chochote cha mwezi huu."

Wakachagua. Akakisema chote, maneno yake na ya kila mtu, hata mahali mbwa anapobweka, kwa maana alikuwa akikariri sehemu za wote ili ajue zamu yake ikifika. Ndipo akasema: "Tatizo langu ni kwamba sisikii. Basi na Nell naye asisikie. Amefanya kazi kiwandani kama mimi. Mnadhani ni watu wangapi wanatutazama sasa hivi wakijifanya wanasikia?"

Mwandishi mmoja akasema watu hawafungui televisheni ili waone maradhi yao.

"Ila bibi kuungua tanurini siku ya Krismasi, hiyo ndiyo wanaisubiri kwa hamu?"

Philippa alicheka bila kutaka. Akauliza, "Na ukikosea mbele ya kamera?"

"Nell atakuwa amekosea. Wasiosikia hukosea kila siku. Tuwaonyeshe wanavyoendelea baada ya hapo."

Moto ukafutwa. Mwezi Januari tukarekodi kile kipindi ambacho wengi wenu mnakikumbuka. Asubuhi hiyo tulipotaka kumshushia kofia ya mwokaji ifunike kifaa cha kusikia alichovaa sikioni, akaishika. "Ibaneni juu," akasema. "Nimekificha vya kutosha." Dukani kulikuwa na foleni. Mtoto wa kike akaomba andazi, Nell akampa mkate, wateja wakacheka. Nell akashika ukingo wa kaunta, akasema mbele ya wote: "Sikusikii, mwanangu. Sema ukinitazama."

Kipindi kilipoonyeshwa, simu za studio hazikupumzika. Wake walikuwa wamewapeleka waume zao kupimwa masikio kwa nguvu. Mama mmoja aliyekuwa mfumaji huko Colne alitupigia kwa kinywa cha binti yake: "Mama anasema mwambieni Nell asante. Anasema wiki hii ametoka kwenda sokoni peke yake." Rhoda aliposimuliwa, alitoka nje, akakaa peke yake kwenye ngazi za zimamoto, na akarudi na macho mekundu akidai ni unga.

Akabaki nasi miaka mingine zaidi ya kumi. Aliwafundisha waigizaji wapya kutazamana wanapozungumza, na tamthilia yote ikawa bora kwa hilo. Bernard alitutoka mwaka 2010. Mazishini Rhoda alisimama mbele ya jeneza, akasema naye kwa midomo tu, namna ya kiwandani, kwa muda mrefu. Hatukujua alisema nini, na hatukuuliza.

Wiki iliyopita alirekodi onyesho la mwisho. Nell hafi. Anamkabidhi mjukuu ufunguo wa duka, anavaa koti, anakwenda zake. Mwongozaji aliposema "Kata!", watu wote, mafundi wa taa, wapishi, waigizaji, tuliinua mikono juu na kuitikisa hewani, kama wasiosikia wanavyoshangilia. Rhoda alitutazama mmoja mmoja. Kisha akajifuta pua.

"Nzuri sana," akasema. "Na makofi ya kawaida je? Jamani, moja bado linasikia kidogo. Pigeni!"

Tukapiga. Tukapiga mpaka vumbi la unga likadondoka kutoka kwenye taa.

Bi. Rhoda, asante kwa kazi na kwa ujasiri. Tunakuombea afya njema, majirani wacheshi huko Morecambe unakohamia, na asubuhi nyingi za kulala mpaka utakapochoka mwenyewe.

Kwa niaba ya wenzako wote,
Joan Bickerstaffe, Idara ya Mavazi