Nani Kaua Saladi za Watoto

Mbele ya duka la Mama Bo-ram pana jukwaa la mbao lililopauka kwa jua, na anayetaka kukaa huvua viatu kwanza, hata awe nani. Kahawa ni ya pakiti, maziwa na sukari humo humo, inakorogwa kwa hiyo hiyo pakiti iliyokunjwa, na kikombe cha karatasi kikianza kulowa ujue umeongea sana. Ijumaa hiyo vikombe vililowa mapema. Asubuhi miche yote arobaini na miwili ya saladi kwenye bustani ya shule ya msingi ilikutwa imelala chini, majani yameungua ncha. Kila mche ulikuwa na kibao chenye jina la mtoto. Na aliyewafundisha watoto hao kutengeneza mboji kwa makombo alikuwa amekaa pale pale jukwaani: Mzee Tak Sang-gu, mkulima aliyeuza shamba baada ya kufiwa na mkewe akahamia mjini kwa binti yake. Kijiwe kilimwita Daktari, kwa kuwa alikuwa akiunusa udongo kabla ya kuusemea neno.

— Hata mmoja haujapona? aliuliza Jenerali. Jeshini Jenerali alikuwa jikoni akimenya viazi, lakini ukimsikiliza utadhani aliamuru vifaru.

— Hata mmoja, alisema Mzee Tak. — Nimeingia na Mwalimu Yu saa mbili. Watoto wamesimama, kila mtu kwa mche wake. Mmoja bado anaumwagilia maji.

— Lahaula. Na Jumatatu wazazi si wanakuja?

— Wanakuja kula. Nyama ya nguruwe ya kuchoma, watoto waikunje kwenye saladi walizolima wenyewe. Sasa mwalimu mkuu kasema kama mboji ndiyo iliyoua, pipa la mboji linaondoka. Na masomo yanakwisha.

Alisema hivyo akiangalia mikono yake. Aliwahi kuona mpunga wa mwaka mzima ukilazwa na kimbunga, akarudi nyumbani akala chakula chake. Leo hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Jumanne na Ijumaa, siku za masomo yake shuleni, ndizo siku pekee alizovaa shati lililopigwa pasi.

— Sumu hiyo, alisema Jenerali. — Wale wa lile ghorofa jipya si walilalamikia harufu?

— Harufu ipi? Mboji ya Daktari inanuka msitu baada ya mvua, alisema Mama Bo-ram.

— Ndiyo maana nasema. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia. Nguo zao si zinaanikwa dirishani, zinatazama shule?

Redio alikohoa. Huyo aliitwa Redio kwa sababu hazimiki.

— Mnahangaika na sumu, mimi nina habari kamili. Ni minyoo. Ile ya kwenye mboji si iliagizwa kwa posta? Minyoo ya mji mkuu ile. Imefika hapa, imekuta shule nzima ina watoto arobaini na wawili, ikavunjika moyo.

— Minyoo ikavunjika moyo.

— Ikagoma, bibie. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza.

— Acha fiksi zako. Mimi nalishuku lile pipa la mtaa, alisema Mama Bo-ram, akimimina maji ya moto. — Lile linalofunguka kwa kadi, likapima makombo na kukutoza. Tangu watoto waanze kuyapeleka kwenye mboji, limekonda. Lina wivu.

— Pipa limevuka barabara likaua saladi?

— Linajua kila ninachopika. Mume wangu miaka thelathini hajui. Anayejua yote hayo atashindwa na saladi?

— Basi niwaambie nilichokuwa naficha, alisema Redio, akasogea katikati. — Kuna handaki chini ya shule. Linachimbwa kimyakimya. Joto linapanda, mizizi inachemka kama mchuzi. Leo asubuhi hata viatu vyangu vilikuwa vya moto.

— Uliviacha juani.

— Jua la saa kumi na mbili?

Jenerali alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee Tak hakucheka. Redio, aliyezoea kupata kicheko cha kila mtu, akaona aongeze chumvi.

— Sawa, kama si handaki basi ni yule mtoto.

— Mtoto gani?

— Wa zamu. Na-rae. Darasa zima linasema ni yeye, hakuosha makombo. Leo mchana wamekataa kukaa naye mezani.

Mzee Tak aliweka kikombe chini. Katika nchi ambayo hata supu ya asubuhi ina chumvi, somo lake la kwanza lilikuwa hilo: makombo ya jikoni yaoshwe mara tatu, yakamuliwe, ndipo yachanganywe na majani makavu. Udongo hauna figo, aliwaambia, mkiulisha chumvi inabaki nao. Watoto walicheka sana juu ya udongo wenye figo. Na-rae hakucheka. Aliandika.

— Yule anahesabu kwa sauti anapoosha, alisema mzee. — Hawezi kuruka.

— Mtoto ni mtoto, kaka. Asiyesikia la mkuu...

— Alisikia, Mama Bo-ram. Nakwambia alisikia.

Walikuwa bado wanabishana alipotokea mwenyewe, mkoba mgongoni, macho mekundu. Alivua viatu, akavipanga sambamba, akapanda jukwaani na kupiga magoti mbele ya mzee.

— Shikamoo babu.

— Marahaba, mjukuu wangu.

— Mwalimu Yu amepima udongo kwa kile kijiti cha kupimia. Ni chumvi, nyingi sana. Imetoka chini kabisa ya pipa, kwenye kile kijilango tulikochota mboji ya miche wiki iliyopita. Nilikuwa naosha mara tatu. Siku nyingine nne. Babu, nilikosea wapi?

Redio alikuwa hana habari.

Chini kabisa ya pipa. Mzee Tak alikumbuka alichokizika pale. Mwezi wa tatu binti yake alisafisha jokofu la kimchi, akakuta vyombo viwili vya kimchi, kabichi ya mwisho aliyoilaza mkewe Mal-sun kwenye chumvi na pilipili kabla hajafa. Imekaa miaka mitatu, imechacha hailiki. Baba, tuitupe, alisema binti, naye akajibu nipe mimi nitupe. Akaipeleka mpaka kwenye pipa la kadi, kifuniko kikajifungua chenyewe kikamngoja, akashindwa. Kesho yake, kabla watoto hawajafika, aliizika chini kabisa, ndani ya pipa jipya la shule, akaifunika majani. Alitaka mkewe achipue kwenye bustani yenye watoto. Kuiosha hakuweza. Kabichi ile ilikuwa na mkono wa Mal-sun, na maji yangeuchukua. Pipa ni kubwa, alijiambia, litameza. Alijiambia hivyo yeye, aliyelima miaka hamsini.

— Hukukosea, alisema. — Ni mimi. Niliweka kimchi kule chini. Vyombo viwili.

Kijiwe kizima kilimgeukia.

— Wewe, Daktari? alisema Jenerali.

— Mimi.

— Wewe uliyenigombeza juu ya maganda ya mayai?

— Jenerali, nyamaza, alisema Mama Bo-ram.

Na-rae alimtazama mzee. Midomo ilikuwa inamcheza, na mtu asingejua kama anataka kulia au kufurahi kwamba si yeye.

— Uliiosha mara ngapi, babu?

— Hata mara moja.

— Kwa nini?

Mama Bo-ram, ambaye kila mwaka, Mal-sun alipokuja mjini kwa binti yake, alikuwa akikaa naye kupaka pilipili kwenye kabichi, ndiye pekee aliyeelewa, akageuza uso na kuanza kupanga biskuti zilizokuwa zimepangwa tayari. Mzee Tak aliteremka polepole, akavaa viatu vyake, akashika mkoba wa mtoto.

— Twende. Kwanza nitawaambia mwalimu mkuu na wenzako wote kwamba ni mimi, na wewe uwepo. Hilo la kwa nini sikuiosha nitakueleza njiani.

— Njia yenyewe fupi, babu. Shule ile pale.

Mzee alilitazama lango la shule, ng'ambo ya barabara.

— Basi tuzungukie sokoni, alisema.