Mama Vipimo, Dada Aliyekataa Kutia Saini

Dada yetu mpendwa, ambaye kazini na mtaani alijulikana kama Mama Vipimo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Akiwa bado mdogo, baba alitaka kuhamishia cherehani jikoni, penye mwanga mzuri. Dada akamuuliza, "Na mama atapikia wapi?" Baba alinuna siku nzima, lakini cherehani haikuhama.

Alisoma shule za karibu na nyumbani, kisha akahitimu chuo kikuu mwaka 1987 katika sayansi ya mazingira. Majirani walipouliza binti amesomea nini, mama alijibu kwa maringo, "Amesomea kuwakatalia wakubwa."

Hakukosea sana. Dada alitathmini athari za miradi ya serikali na ya watu binafsi: barabara, mabwawa, viwanda. Alipima maji, hewa na kelele, na hakuondoka bila kuwauliza wakazi wanalalaje. Mwaka 1994 kiwanda kimoja cha saruji kilitaka kuongeza tanuri, na ilibidi yeye athibitishe kwamba vumbi halitawadhuru majirani. Siku ya ukaguzi alikuta barabara imemwagiwa maji na mitambo imezimwa, eti matengenezo. Akaaga vizuri. Wiki iliyofuata alirudi bila taarifa, akaweka mashine zake za kupimia, akaanika shuka jeupe kwa jirani mmoja na kuliacha hadi jioni. Mbele ya bodi ya kiwanda alisoma vipimo vyote, kisha akatandika shuka mezani, limekuwa kijivu.

Mkurugenzi akamwambia, "Mama, usipotia saini, kazi nyingine usitegemee."

"Usijali," dada akasema, "baba alinifundisha kushona."

Na kweli alishona, karibu mwaka mzima, hadi kiwanda kilipokubali kufunga vichujio vya vumbi.

Mhandisi aliyepewa kazi hiyo alikuja nyumbani kulalamika kwamba dada amemvurugia mipango. Akaja tena, na tena, mpaka malalamiko yakageuka posa. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996. Shemeji hudai yeye ndiye mradi pekee uliopita bila masharti. Si kweli, aliachishwa sigara kwanza.

Mwaka jana dada aliugua figo. Hata wodini alimwita meneja kuhusu moshi wa jenereta ulioingia wodi ya watoto, nayo ikahamishwa. Alifariki tarehe 3 Juni mwaka huu, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake, ninayejivunia kuitwa shemeji wa mhandisi na kaka wa Mama Vipimo.

Jana walifika kina mama wa mtaa wa kiwandani. Mmoja aliniambia, "Mtoto wangu wa kwanza alikohoa mpaka akanitoka. Hawa waliofuata wamekua, sasa wana watoto wao." Nikalia.

Dada, kazi umeimaliza. Lala kwa amani.