Presha Ikiona Unga wa Akwii

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliong'olewa kwenye kitanda cha lori lililopinduka zamani, ukalazwa juu ya rimu mbili mbele ya kibanda cha Osukuku, fundi wa maandishi pale Malaba. Ukikaa hapo unatazamana na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, na foleni hiyo ndiyo gazeti la wakaaji wa ubao. Wao hawasomi maandishi, wanasoma matairi. Paulinus, aitwaye Forodha kwa sababu kazi yake ni kuwajazia madereva fomu, akiona tairi limebonyea namna fulani atakwambia lile ni klinka ya kusagia saruji, lile ni mafuta ya kupikia, na lile linalodundadunda ni mitumba, turubai likiwa limefungwa na kamba hazijaguswa. Usibishane naye, maana hukosea labda mara moja kwa mwezi. Bwire alilinda mlango wa duka la dawa miaka miwili akatoka na majina ya vidonge vyote kichwani, basi ni Daktari. Na Mulama muuza kahawa, kwa vile mkono wake ni mzito kwenye tangawizi, jina lake la ubatizo lilishasahaulika, ni Tangawizi.

Asubuhi hiyo Osukuku hakuwa na mzaha. Mwezi uliopita Akwii, mama anayetengeneza unga wa uji kule nyuma ya soko, alimpa kazi ya kuandika lebo ya pakiti zake, akamwachia aipambe atakavyo. Osukuku akaipamba. Aliandika kwa herufi nyekundu: HUTIBU SUKARI, PRESHA NA UCHOVU WA NDOA. Afisa wa viwango alipokuja kuukagua unga aliusifu, akausifu tena, kisha akasoma lebo na kuuliza ni nani aliyetibiwa. Pakiti zote zikarudi ndani ya nyumba. Sasa afisa alikuwa anarudi Jumatatu, na duka la Busia lililomwekea Akwii nafasi kwenye rafu lilisema Jumatatu ikipita nafasi ni ya mwingine. Akwii hakumlaumu Osukuku hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akwii alikuja mwenyewe saa tatu, na termosi ya uji mkono mmoja kama kila siku, na mkono wa pili karatasi ngumu ya manila, nyeupe, pakiti moja ya mfano na karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Mzee Osukuku, viungo vyote nimeandika hapa ndani. Hesabu za maabara pia ziko. Andika tu vile iko. Usiniongezee kitu.

— Hata nukta siongezi, mama.

— Saa sita boda inakuja kupeleka kwa wachapishaji Busia. Mimi nakimbia kwa mashine, kuna mzigo unasagwa.

Akaenda zake. Wakamiminiana uji, kila mtu kikombe chake, wakamtazama akipenya katikati ya malori mawili na kupotelea upande wa soko.

— Huyu mama ni mtu, alisema Daktari. Alipanda gari mpaka Kisumu na unga kwa mkoba, akaambia watu wa maabara wapime, waseme ukweli. Hapa Malaba nani ashawahi kupeleka kitu yake ipimwe bila kulazimishwa?

— Mimi hata presha sijapima, alisema Forodha.

— Wewe presha yako tunaijua. Ni ya kuongea.

Lori likapita na upepo wake ukaipeperusha ile karatasi. Osukuku akaidaka, akaiweka chini ya birika la kahawa la Tangawizi isije ikaruka tena, akatandaza manila juu ya goti na kuchonga penseli. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Ila alipoandika jina, UNGA WA UJI WA AKWII, manila ilibaki nyeupe sana, na fundi wa maandishi haoni raha mbele ya nafasi tupu.

— Hapo juu unaweka nini? aliuliza Tangawizi.

— Siweki kitu. Afisa alisema chakula ni chakula, dawa ni dawa. Ukiandika inatibu, uonyeshe mgonjwa. Ukiandika iko na madini mingi, uonyeshe kipimo. Hakuna kujipigia tarumbeta.

— Na ni sheria nzuri, Forodha alikubali. Kuna mtu aliuza majani hapa, pakiti imeandikwa inatoa mawe kwa figo. Watu walikunywa, mawe ikakaa. Sheria kama hiyo naipigia saluti. Lakini sheria ni kama mpaka, Osukuku. Si kila kitu inapita kwa geti.

— Unamaanisha?

— Umekatazwa kusema inatibu. Nani amekukataza kusema presha yenyewe inafanya nini? Andika: presha ikiona unga wa Akwii, inahama.

Osukuku alijua hilo ni jambo baya. Lakini aliupenda mwendo wa sentensi ile, na penseli ilikuwa mkononi.

— Hapo haujasema inatibu, alisema Daktari taratibu. Presha imeamua yenyewe.

— Sasa umeelewa, alisema Forodha. Si wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone? Unga ni mgeni, tumbo ni mwenyeji. Hata wahenga walijua lebo.

Osukuku akaandika. Kwa herufi za wastani, alijiambia, zisionekane sana.

— Sasa usiache damu nyuma, alisema Daktari. Damu ya binadamu inazeeka. Huu uji unasukuma ile ya zamani inatoka kwa jasho, mpya inaingia. Siku saba, umebadilisha kama oili ya injini.

— Nani amekwambia? aliuliza Osukuku.

— Mimi mwenyewe. Tangu nianze kunywa huu uji natoka jasho sana.

— Ni hiyo koti, alisema Tangawizi, lakini hakuna aliyemsikiliza, na Osukuku alikuwa ameshaandika DAMU MPYA, SIKU SABA.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Forodha. Kwa hivyo ongeza mengine.

— Hiyo methali inasema usiongeze, alisema Osukuku.

— Inasema kijiuze. Kitajiuzaje kimenyamaza?

Wakaongeza. Magoti ya wazee yakapata mstari wake. Macho yakapata wake, kwa sababu Daktari alidai kwamba tangu mwezi wa pili anasoma namba za malori ya mbali kuliko zamani. Tangawizi, aliyeanza kama mpinzani, alitaka iandikwe kwamba jirani yake alikunywa uji huo na mume akaanza kurudi nyumbani kabla jua halijatua.

— Nani alikunywa, yeye ama mume? aliuliza Osukuku.

— Yeye. Ndio ujue nguvu iko wapi. Anakunywa mmoja, anapona mwingine.

Hata Forodha aliitikia kwa kichwa kuipa heshima nadharia hiyo. Mwisho alisema ikiwa uji unavuka kutoka mtu hadi mtu, basi mji wote wa Malaba umekuwa ukitibiwa mwaka mzima bila kujua, na ndiyo sababu mafua ya mwaka huu yaliishia Nambale, hayakufika hapa.

Osukuku alipoinua kichwa, saa ilikuwa imekaribia sita na manila ilikuwa imejaa. Chini kabisa kulikuwa kumebaki nafasi ya upana wa vidole viwili.

— Viungo na hesabu za maabara vitaingia wapi?

— Hapo hapo, herufi ndogondogo, alisema Forodha. Nani anasoma viungo? Kila mtu anajua ni wimbi. Uji ni wimbi.

— Wimbi, alikubali Daktari, akilamba ukingo wa kikombe chake. Na mapenzi ya mama.

Wakacheka. Osukuku naye alicheka, na ndani ya kicheko alihisi kitu kikimkwaruza, kwa sababu sauti ya Akwii ilikuwa bado ubaoni: usiniongezee kitu.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa geti, na mtoto wa kike wa miaka kama mitano amemshika kidole. Alikuwa na mkoba wa safari na vumbi la Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwenye viatu.

— Yoga, wazee, aliwasalimu kwa Kiteso.

— Yoga noi, mama. Karibu.

Alisema anaitwa Amuron, anakwenda kwa dada yake Budalang'i na mtoto hajala tangu asubuhi. Ameusikia unga huu hadi upande wa pili, watu wakimsifu mama anayeutengeneza. Akaiokota pakiti ya mfano, ambayo haikuwa na neno lolote juu yake, akaigeuza. Kisha akaitazama manila juu ya goti la Osukuku, akaisoma kuanzia presha hadi mume, bila kucheka na bila haraka. Mtoto alikuwa ameshaiona termosi.

— Maneno ni mazuri, alisema. Nauliza tu kitu kimoja. Huu unga uko na karanga ndani?

Daktari akakohoa.

— Mama, huu uko na afya.

— Afya nimesoma. Nauliza karanga. Huyu akila karanga koo linafunga. Mwaka jana alipewa biskuti kwa sherehe, tulifika hospitali akiwa hapumui vizuri. Sasa naogopa hata chapati ya jirani.

Forodha aliichukua pakiti, akaibonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza matairi, akaiinua kuangalia uzito wake, akainusa mshono. Akamrudishia mama yule mkononi. Tangawizi akatazama viatu vyake. Mwaka mzima walikuwa wameunywa uji ule, kila asubuhi, vikombe vitatu kwa siku ya baridi, na hakuna aliyeweza kumjibu mama yule ndiyo au hapana.

Osukuku aliona aibu iliyomfika hadi shingoni. Alisimama, akaliinua birika, akaichukua ile karatasi. Kahawa ilikuwa imechora duara katikati yake. Akaikunjua na kuisoma kwa sauti, maana mwandiko wa Akwii ulikuwa mkubwa, umenyooka kama wa mtoto wa shule:

— Mihogo. Mtama. Karanga. Soya. Wimbi kidogo. Nimepanga kuanzia ile iko nyingi.

Chini yake kulikuwa na hesabu za maabara, na chini ya hesabu sentensi moja iliyopigiwa mstari mara mbili. Hiyo aliisoma kwa sauti ya chini.

— Mzee, neno karanga liandike kubwa kuliko jina langu.

Amuron alikuwa ameshamvuta mtoto kwake, mkono kifuani pa mtoto, mbali na termosi. Akashusha pumzi. Akairudisha pakiti ubaoni polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha mtu mwingine.

— Basi sisi si wa huu unga, alisema. Lakini mwambieni mwenye aliandika hiyo karatasi, Amuron anamshukuru. Mwambieni asibadilishe kitu.

Akamnunulia mtoto ndizi kwa mama wa jirani, wakaondoka kutafuta gari la Busia.

Osukuku alifikiria jinsi Akwii angeuza pakiti mia kwa yale maneno yao, na jinsi alivyochagua neno moja litakalomkosesha wateja kama Amuron, akataka liwe kubwa kuliko jina lake mwenyewe. Katika miaka thelathini ya brashi alikuwa ameandika majina ya watu wengi kwenye kuta za Malaba, wakubwa na wadogo, na wote walimwambia jambo lilelile: fanya jina litokee. Alimheshimu Akwii kiasi cha kutaka kumwamkia akirudi, ingawa ni mdogo wake kwa miaka ishirini.

Aliigeuza manila upande wa pili, uliokuwa safi. Akachovya brashi, si penseli tena, akaanza na neno karanga.

— Boda imefika, alisema Daktari kwa sauti ndogo.

— Itangoja.

Tangawizi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Forodha. Yakatoka matone mawili, kisha makapi. Mbele yao lori jekundu likaanza kusogea kuelekea geti, turubai limefungwa, matairi ya nyuma yamebonyea sana. Wote watatu waliyatazama matairi yale mpaka yakapita. Hakuna aliyesema limebeba nini.