Lawama ya Nyanya Zilizooza Kitako

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu wa Sagalla! Na tena asifiwe!

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Wakesho, binti wa Mzee Mwangeka, nyumba ile iliyo juu kidogo ya shule. Kanisa hili ndilo lililonibatiza. Hapa ndipo nilipofunga ndoa na mume wangu Mwadime, mkanisindikiza kwa nyimbo mpaka stesheni ya Voi. Leo nimerudi kushukuru, ndugu zangu, kwa sababu ilibaki kidogo sana nirudi kwa aibu. Mungu ni mwema!

Mume wangu, kama mjuavyo, ni fundi wa reli hapo Voi, na kwao ni bondeni, upande wa Taveta. Mimi nilikwenda kukaa huko na mama yake, ambaye ni mjane. Ndugu zangu, siku ya kwanza nilipoona mfereji wa maji ukipita katikati ya shamba, nililia. Sisi tuliozoea kushuka mlima na debe na kupanda nalo kichwani! Huko maji yanatoka kwenye chemchemi, yanakuja yenyewe mpaka miguuni pako. Nikasema, Bwana, umenileta Kanaani.

Mama mkwe wangu alikuwa mkulima hodari wa nyanya. Wanunuzi wa Mombasa walikuwa wakifika na lori, na lori hizo zilisimama kwake kwanza. Alinifundisha kila kitu: kupandikiza miche, kuisimamishia miti, kupunguza machipukizi. Tulifanya kazi pamoja, tukala pamoja. Akawa ananiita Mama Mghoi, hata kabla Mghoi hajazaliwa, kwa sababu alikwisha kumchagulia jina.

Halafu msimu uliofuata taabu ikaingia.

Nyanya zilizaa vizuri. Matawi yalijaa mpaka yakainama. Lakini zilipoanza kukua nikaona moja ina doa chini, pale kitakoni, kama imeketi penye maji. Nikadhani ni mdudu, nikaichuma nikatupa. Juma lililofuata zilikuwa nyingi. Doa lilikuwa limekuwa jeusi, limebonyea, limekauka kama ngozi ya kiatu. Ukiitazama nyanya kutoka juu ni nzuri kabisa, nyekundu, inang'aa. Ukiigeuza, imekufa! Hata zile zilizoonekana nzima hazikukaa. Ulizipanga kwenye sanduku leo, kesho kutwa zimelainika na maji yanachuruzika.

Mnunuzi alikuja, akageuza moja, akageuza ya pili, akarudisha sanduku chini. "Mama, hizi zimeoza kitako," akasema. "Zitafika Mombasa zikiwa mchuzi." Akawasha lori akaenda zake. Mama mkwe alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Ndugu zangu, mtu akiumia hutafuta wa kumlaumu. Nyanya zilianza kuoza baada ya kufika mimi, na mkono uliozigusa zaidi ulikuwa wangu. Jioni ile hakunitazama. Aliniambia tu, "Mama Mghoi, kaa nyumbani na mtoto. Shamba niachie mimi."

Sikuelewa. Siku ya pili nikamfuata na jembe. Hapo akasema neno linalonichoma mpaka leo. "Mtu wa mlima wa kiu," akasema, "mkono wake ni mkavu. Kinachoguswa na mkono huo kinakauka."

Nikaacha jembe palepale, nikarudi ndani.

Kuanzia siku hiyo sikukanyaga shamba. Majirani wakaanza kunipisha njiani. Nikienda chemchemini, mwanamke mmoja anafunika mtungi wake. Nikamwandikia mume wangu? Hapana, nilimngoja. Alipokuja likizo alikaa na mama yake na wajomba zake kutwa nzima, akatoka ameinamisha kichwa. Mume wangu ni mtu mpole, ananipenda, lakini ni mwana wa pekee wa mjane. Akasema, "Wanasema ukapumzike kwenu kidogo. Mghoi abaki." Nikamwuliza, "Na wewe unasemaje?" Machozi yakamtoka.

Mghoi abaki! Mtoto bado ananyonya!

Niliomba, ndugu zangu. Niliomba nikifua, nikipika, nikimbembeleza mtoto. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu, Bwana, mkono huu uliuumba wewe. Ukiwa na laana niondolee, na kama hauna, nitetee, maana mimi sina wa kunitetea.

Kulikuwa na ushirika wa wiki, alasiri ya Alhamisi, katika boma la mzee wa kanisa aitwaye Mwakio, ambaye pia hutunza hazina. Nikasema nitakwenda kuwaaga kwa heshima. Mama mkwe alikuwepo, ameketi mbele. Wakati wa shuhuda ulipofika nikasimama na Mghoi mgongoni. Nilikuwa nimepanga kusema maneno mawili tu. Lakini Roho alinifungua kinywa! Nikasema, "Ndugu zangu, ninaondoka. Nyanya za nyumbani kwetu zinaoza kitako, na inasemekana ni mkono wangu. Mimi sijui. Niombeeni." Nikaketi.

Kisha Mzee Mwakio akasimama polepole. Huyu ndiye mkulima aliyeheshimiwa kuliko wote kule. Akavua kofia. "Mama Mghoi," akasema, "mimi sina mkwe kutoka Sagalla. Lakini tangu mvua ziishe ninazika nyanya zangu nyuma ya zizi, watu wasione. Zote zimeoza kitako."

Watu wakageuka. Mama mmoja, Mama Walegwa, mwenye shamba kubwa upande wa juu wa mfereji, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nazitupa mferejini alfajiri." Na mwingine, ambaye shamba lake liko chini ya lake kwenye mfereji, akaruka kutoka kwenye kigoda: "Kumbe ni wewe! Zinaelea mpaka kwangu! Mimi nimefunga na kuomba nikidhani nimetumiwa uchawi!"

Ndugu zangu, watu walicheka mpaka wakalia. Mmoja baada ya mwingine, kila mtu akasema yake. Bonde zima lilikuwa linaoza na kila nyumba imefunga mlango! Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake amelaaniwa. Nikamtazama mama mkwe. Hakucheka. Alikuwa ameshika mtandio wake kwa mikono miwili.

Kesho yake wazee walimwita bwana shamba. Alikuja na pikipiki yake, akauliza, "Mbona hamkuniita zamani?" Akaingia katika shamba letu, akapasua nyanya kwa kisu, akatuonyesha. "Hakuna mdudu hapa," akasema, "wala jicho la mtu. Tunda hili lina njaa. Limekosa kalsiamu, ile iliyomo ndani ya chokaa. Hiyo ndiyo inayoshikanisha nyama ya tunda, kama saruji inavyoshikanisha mawe. Nayo husafiri na maji. Maji yakija mengi leo, kisha mmea ukae na kiu, haifiki mwisho wa tunda. Na mwisho wa tunda ni kitako."

Hapo tukakumbuka kwamba ukingo wa mfereji ulikuwa umebomoka huko juu, na zamu za maji zimevurugika msimu mzima. Siku moja shamba linaogelea, kisha udongo unapasuka. Wanaume wakatoka na majembe wote, wakaujenga ukingo wakiimba.

Bwana shamba alituelekeza pia kununua kalsiamu ya kupulizia kwenye duka la dawa za shamba mjini Taveta. Ni chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Akatupimia mwenyewe, akatuonya tusizidishe. Akasema zilizokwisha kuoza hazitapona, tuzitoe. Tupulizie matunda machanga, yangali kama gololi, na dawa iguse tunda lenyewe, si majani tu, kwa sababu jani halitoi chake kulipatia tunda. Turudie kila juma. Akasema pia, "Acheni mstari mmoja bila dawa, mjionee wenyewe."

Akauliza nani atabeba bomba la kupulizia. Mjomba wa mume wangu akataka kulichukua. Mama mkwe akasema, "Hapana. Apulizie Mama Mghoi. Kama ni mkono, tutaujua."

Nilimwaga zile chembe ndani ya ndoo ya maji nikakoroga, na ndoo ikapata joto mkononi mwangu. Mama mkwe akagusa, akarudi nyuma. "Maji yanapata moto bila kuni!" Bwana shamba akacheka, akasema ndiyo tabia yake, tungoje yapoe. Nikajitwika bomba, nikapulizia.

Sitaki mdhani yote yalikwenda sawasawa. Mara ya pili nilichelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa, nikapulizia jua likiwa kali, na kingo za majani zikaungua. Mama mkwe aliona. Nilingoja lile neno. Lakini alisema tu, "Kesho nitamshika mtoto. Wewe amka mapema." Ndugu zangu, mimi nilianza kufunguliwa hapo, kabla nyanya hazijaiva!

Zikaiva. Mama mkwe alichuma mwenyewe. Aligeuza kila nyanya, akaitazama chini, akaiweka. Nilikuwa nimesimama mwisho wa shamba, siwezi kusogea. Kulikuwa na moja moja yenye doa, sikatai. Lakini kikapu kilijaa nyanya nzima, ngumu, ngozi imekazana! Kisha akaingia ule mstari usiopuliziwa. Akageuza moja, nyeusi. Akageuza nyingine, nyeusi. Akaketi chini palepale kwenye udongo, akaniita. Hakuniita Mama Mghoi. Akaniita, "Mwanangu."

Akanishika mkono wa kulia, akauweka kwenye shavu lake. Haleluya!

Mnunuzi alirudi. Alibonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza tena, akapakia. Safari iliyofuata alituambia zilikaa sokoni Mombasa bila kulainika, wenye hoteli wakaziulizia. Mume wangu alipofika alisimama mbele ya wajomba zake akasema lile aliloshindwa kulisema mwanzo, "Mke wangu haendi popote." Wakamwitikia, "Nani alisema anakwenda?" Wajomba ni wajomba!

Sasa, ndugu zangu, mmekuwa mkimtazama mama yule aliyeketi pale karibu na dirisha, mwenye leso ya bluu, mkijiuliza ni mgeni gani. Ndiye mama mkwe wangu. Msimchukie kwa niliyoyasema. Ndiye aliyenituma kuyasema. Jana tulishuka garimoshi Voi, tukapanda mlima huu kwa miguu, naye akakataa nimpokee mzigo. Alipofika kwa baba yangu hakukubali kiti kwanza. Alisema, "Baba Wakesho, nilimtukania binti yako mlima wake na mkono wake. Nimekuja nimeupanda mlima huo, niombe msamaha juu yake." Baba yangu alimpa maji ya kunywa. Na ninyi mnajua, hapa kwetu, kumpa mtu maji ni kumpa nini.

Ndugu yangu uliye na jambo linalooza nyumbani kwako, na umefunga mlango, simama. Usingoje liishe. Mwambie Bwana, kisha waambie ndugu zako. Anayeponya ni yeye, na wakati mwingine anakuja na pikipiki na kisu mfukoni! Mwaminini.

Nyanya za mama zipo hapo mezani pa sadaka. Tulizichuma juma lililopita, zimesafiri kwa garimoshi, zimepanda Sagalla kichwani. Ibada ikiisha njooni, mzigeuze, mzibonyeze. Kisha mkale. Bwana awabariki.